Mtu Si Mnazi: Namna ya Kusoma Ripoti ya Mahali na Afya

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wanafunzi waweza kulifuata katika kitabu hiki linaposomwa, au kulisoma wenyewe baadaye.)

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya matatu ubaoni: UTAFITI, RIPOTI, MKAZI. Utafiti ni kazi ya kuuliza, kuhesabu na kupima ili kujua jambo. Ripoti ni maandishi yanayoeleza utafiti ulifanywaje na ulionyesha nini. Mkazi ni mtu akaaye mahali. Neno hili la tatu laonekana jepesi kuliko yote, nalo ndilo litakalotusumbua leo.

Mara nyingi mtasoma gazetini ya kuwa watu wa mahali fulani wanaugua sana ugonjwa fulani. Watu wa bondeni wana homa. Watu wa mjini wana shinikizo la damu. Watu wanaokaa karibu na machimbo wanakohoa. Habari kama hizo si maneno ya barazani tu, zina kazi. Kwa habari hizo serikali huamua zahanati ijengwe wapi, kisima kichimbwe wapi, vyandarua wapewe nani kwanza. Habari ikikosea mahali, dawa huenda kwa wazima, na wagonjwa hubaki wakingoja. Tena mahali palipotajwa hupata sifa mbaya, hata watu wakaogopa kuoa huko. Kwa hiyo yafaa kila ajuaye kusoma ajue pia kuuliza: Je, ripoti hii imenieleza ya kutosha hata niiamini?

Mnazi hupandwa mahali pamoja, hukua hapo, huzaa hapo, na kufa hapo. Ukitaka kujua kwa nini umenyauka, waweza kuanza na udongo ulio chini yake. Mtu si mnazi. Mtu huzaliwa kwa bibi mzaa mama, husoma kwingine, huoa au huolewa kwingine, hufanya kazi mjini miaka ishirini, na akizidiwa na ugonjwa hurudi kwao. Akifa, karani huandika mahali alipofia. Mahali pengine pote alipoishi hapana habari zake katika daftari lile.

Sasa sikilizeni kisa cha kweli, cha London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1854.

Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka huo kipindupindu kililipuka katika mitaa ya Soho. Katika muda wa siku kumi watu zaidi ya mia tano walikufa katika eneo ambalo mtu angeweza kulivuka kwa miguu kwa dakika chache. Siku zile madaktari wengi walisema ugonjwa huo waletwa na hewa mbaya yenye uvundo. Daktari mmoja, jina lake John Snow, alishuku maji. Karibu na kitovu cha msiba huo palikuwa na kisima cha umma chenye pampu ya mkono, katika mtaa ulioitwa Broad Street.

Snow alikwenda kwenye ofisi ya kuandikisha vifo, akapewa orodha ya watu waliokufa kwa kipindupindu katika juma lililokwisha tarehe 2 Septemba, akachunguza habari za 83 waliokufa siku tatu za mwisho za juma hilo. Akazunguka mtaa kwa mtaa. Akaona karibu wote walikuwa wakikaa karibu na pampu ile. Lakini kumi kati yao nyumba zao zilikuwa karibu zaidi na pampu nyingine.

Hapa mtu mvivu angesema: kumi katika 83 ni wachache, tuwaache. Snow hakuwaacha. Aliwaendea jamaa za marehemu, akauliza. Jamaa za watano walimwambia kwamba wao siku zote hutuma mtu akateke maji ya Broad Street, maana waliyapenda kuliko ya pampu iliyo karibu nao. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo. Wakabaki wawili. Hao wawili nao akawaandika katika ripoti yake, akasema idadi hiyo ndiyo kadiri ya vifo vya kipindupindu vilivyokuwa vikitokea hata kabla ya mlipuko.

Tazameni neno MKAZI pale ubaoni. Watoto wale watatu walikuwa wakazi wa wapi? Usiku, walikuwa wakazi wa nyumba za wazazi wao. Mchana, walikuwa wakazi wa shule. Ugonjwa haukuwauliza walalapo, uliwakuta wanywapo. Mtafiti angeandika nyumba tu, wangeonekana kama watu walioupata ugonjwa bila pampu.

Kuna mama mmoja mjane ambaye habari zake zatisha zaidi. Yeye aliishi Hampstead, mbali na Soho, na tangu miezi mingi hakukanyaga Broad Street. Akafa kwa kipindupindu tarehe 2 Septemba, na kwao hapakuwa na ugonjwa huo. Snow akaenda kuuliza, akaambiwa na mwanawe kwamba gari lilikuwa likitoka Broad Street kila siku kwenda upande huo, nalo humchukulia mama huyo chupa kubwa ya maji ya pampu, kwa kuwa aliyapenda. Maji ya mwisho yalitekwa siku ya Alhamisi. Alikunywa jioni ile na siku ya Ijumaa. Siku ya Jumamosi alikuwa amekufa. Binti wa ndugu yake alikuja kumtazama, akanywa, akarudi kwake Islington, naye akafa. Kwenye ramani, vifo hivyo viwili viko mbali kabisa. Kwa ukweli wa jambo lenyewe, viko penye mdomo wa pampu.

Na kinyume chake kilikuwapo. Karibu na pampu ile palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini, watu 535. Waliokufa humo kwa kipindupindu walikuwa watano tu, ingawa majirani walikuwa wakifa pande zote. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Kulikuwa pia na kiwanda cha bia katika mtaa wenyewe wa Broad Street, wafanya kazi zaidi ya sabini, wala hakuna aliyekufa kwa kipindupindu, maana walipewa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake kirefu. (Msiitumie habari hii mkirudi nyumbani usiku. Kilichowaokoa ni kisima kingine.)

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa, na hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, wakisema: ugonjwa ukakoma. Snow mwenyewe hakusema hivyo. Aliandika kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua sana kabla ya mpini kuondolewa, na kwamba watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa, kwa hiyo hakuweza kukata shauri kama ni mpini uliouzuia. Mimi nampenda Snow kwa maneno hayo kuliko kwa ramani yake. Alikuwa na ushahidi wa kutosha wa kujisifu, akatuandikia na lile linalopunguza sifa. Wale waliokimbia aliwataja. Ripoti ngapi husahau kusema nani alikwisha ondoka wakati hesabu ilipofanywa?

Basi hiyo ni habari ya kipindupindu, ugonjwa wenye haraka. Maji ya Alhamisi, mauti ya Jumamosi. Mtafiti akiuliza mambo ya juma moja, yatosha. Lakini yako magonjwa yasiyo na haraka. Vumbi la mawe humwingia kijana mapafuni akiwa mchimbaji, na mara nyingi ubaya wake huonekana baada ya miaka kumi, au ishirini, au zaidi, pengine amekwisha acha kazi na kurudi shambani. Hapo swali la kuwa anakaa wapi leo halifai kitu. Swali ni: Ulikuwa wapi miaka yote hiyo?

Nitawapeni mfano wa pili, nao pia watoka Uingereza, kwa sababu huko daftari za zamani zilihifadhiwa.

Mwaka 1986 daktari mmoja, David Barker, na mwenzake Clive Osmond, mtaalamu wa hesabu, walitoa ripoti. Walichukua maeneo 212 ya England na Wales. Kwa kila eneo wakatazama hesabu mbili: watoto wachanga wangapi walikufa miaka ya 1921 hadi 1925, na watu wazima wangapi walikufa kwa ugonjwa wa moyo miaka ya 1968 hadi 1978. Wakaona mahali palipokuwa na vifo vingi vya watoto zamani, ndipo palipokuwa na vifo vingi vya moyo baadaye. Jambo la ajabu, kwa kuwa watu walizoea kusema ugonjwa wa moyo ni wa watu wenye kula na kushiba. Barker akasema: labda shida ya utotoni huacha alama mwilini.

Haya, wanafunzi, kabla sijaendelea, mwulizeni Barker swali. Mwalimu, wape dakika moja.

Naam. Nadhani wengi mmekwisha liona. Mtu aliyekufa katika eneo hilo mwaka 1970, je, alizaliwa humo? Pengine alizaliwa kwingine, akahamia kutafuta kazi. Na yule aliyezaliwa humo katika shida, pengine alikwisha hamia mji mwingine, akafia huko. Tena mahali penye umaskini mwaka 1921 mara nyingi palikuwa bado na umaskini mwaka 1970. Ni utoto uliowaua, au ni maisha ya ukubwani mahali pale pale? Hesabu ya maeneo haiwezi kujibu. Ilihitajiwa hesabu ya mtu mmoja mmoja, tangu uchanga hadi kifo.

Sasa, nani angekuwa na daftari la watoto wachanga wa miaka sitini iliyopita? Likapatikana katika wilaya ya Hertfordshire. Tangu mwaka 1911 muuguzi mkuu wa huko, Margaret Burnside, aliweka utaratibu: mkunga akizalisha, apime uzito wa mtoto, wauguzi wamtembelee nyumbani, atimizapo mwaka mmoja apimwe tena, yote yaandikwe daftarini, pamoja na kama mtoto alinyonya ziwa la mama au chupa. Wauguzi wale hawakujua kitu juu ya utafiti wa Barker. Walikuwa wakiangalia watoto wasife. Lakini waliandika jina, mahali, tarehe na uzito, kila mara kwa namna ile ile.

Kwa daftari hizo Barker na wenzake walitafuta habari za wanaume 5,654 waliozaliwa katika sehemu sita za wilaya ile kati ya mwaka 1911 na 1930. Ripoti yao ya mwaka 1989 yasema hivi. Tukihesabu kuwa kadiri ya vifo vya moyo kwa nchi nzima ni 100, basi wanaume waliokuwa na ratili 18 au pungufu, yaani kilo 8.2, walipotimiza mwaka mmoja, walikuwa na 111. Wale waliokuwa na ratili 28 au zaidi, yaani kilo 12.7, walikuwa na 42. Tofauti ni kubwa.

Je, tuiamini? Mimi naiamini kuliko ile ya maeneo, na sababu si ukubwa wa tofauti. Ni kwa kuwa ripoti yasema ni watu gani, waliozaliwa wapi, miaka gani, walipimwa lini. Lakini angalieni pia ni nani hawamo. Wanawake hawamo. Mwanamke wa Kiingereza akiolewa hubadili jina la ukoo, na ni vigumu kumfuata daftarini hata uzeeni. Habari zao zikaja kutolewa mwaka 1993. Kama ripoti ya kwanza ingeandika kwamba ni habari za watu wa Hertfordshire, bila kusema ni wanaume tu, ingekuwa imetudanganya kwa neno moja. Na bado lipo jambo la kubishania: mtoto mwenye uzito mdogo huenda alizaliwa katika nyumba maskini, akabaki maskini mpaka ukubwani. Wataalamu wameligombania jambo hilo miaka mingi.

Hapo pana maswali matatu yaliyo tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza: je, ni wakati fulani wa maisha wenye kudhuru, kama vile tumboni au mwaka wa kwanza? La pili: je, ni jumla ya miaka, kama vile moshi wa kuni uingiao kidogo kidogo kila siku jikoni? La tatu: je, jambo moja huvuta jingine, mtoto wa mahali pasipo na shule akakosa kisomo, akapata kazi ya hatari, na kazi hiyo ndiyo iliyomwumiza? Kila swali lataka hesabu yake. Ripoti njema husema mapema ni lipi lilikuwa linatafutwa. Ripoti mbovu hujaribu hesabu zote, kisha ikachapisha ile iliyopendeza.

Pengine mwauliza: mtu mzee atakumbukaje mahali pote alipoishi? Huko Scotland walitafuta njia. Tarehe 4 Juni 1947 karibu watoto wote wa shule za huko waliozaliwa mwaka 1936 walipewa mtihani mmoja wa akili, watoto zaidi ya 70,000. Walipofika umri wa miaka kama sabini, 1,091 kati yao, wengi wakikaa Edinburgh na jirani zake, walikubali kupimwa tena akili na miili. Baadaye wakaombwa kuandika nyumba walizokaa tangu kuzaliwa. Hawakuachiwa karatasi tupu. Walipewa jedwali lenye mambo makubwa yaliyotokea, wapate kukumbuka: mwaka ule wa jambo lile nilikuwa wapi? Kisha watafiti wakafungua ramani za zamani za mji, wakatazama bustani za umma zilikuwa wapi wakati wale wazee walipokuwa watoto. Hawakutumia ramani ya leo kwa mambo ya mwaka 1949. Mnaona uangalifu huo? Katika ripoti ya mwaka 2018 walieleza kwamba waliokuwa karibu na bustani utotoni na ukubwani akili zao hazikupungua upesi sana uzeeni kama za wengine. Hiyo haithibitishi kwamba ni bustani iliyofanya kazi hiyo. Lakini twajua ni nini kilichopimwa, na kilipimwa kwa ramani ya mwaka gani.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki, maana huku jambo la ramani lina ugumu wake.

Mtu aliyezaliwa Vwawa alikuwa mtu wa Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, na Vwawa ikawa makao makuu yake. Mtu huyo hakuhama hata hatua moja, lakini mkoa wake umebadilika. Mtafiti akilinganisha wagonjwa wa Mbeya mwaka 2010 na wagonjwa wa Mbeya mwaka 2020, bila kusema mpaka ni upi, ataweza kutangaza kwamba ugonjwa umepungua, kumbe kilichopungua ni mkoa. Vivyo hivyo Kenya: mtu aliyezoea hesabu za majimbo ya zamani atazikuta hesabu za kaunti tangu mwaka 2013.

Na kuna kinyume chake: jina labaki, watu wamehama. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu wa Tanzania Bara walihamishwa kukaa katika vijiji vya Ujamaa. Mzee aweza kukuambia alikulia katika kijiji hiki, kumbe mpaka umri wa miaka kumi na miwili alikaa kwenye mashamba ya baba yake, mbali na hapo, akinywa maji ya mto. Maji ya utoto wake si maji ya bomba la kijiji unaloliona leo. Mtafiti asiyejua historia hiyo atapima bomba.

Kwa bahati nzuri viko vituo huku kwetu vilivyoanza kufuata watu kwa mpango. Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1996, Kilifi tangu mwaka 2000, Korogocho na Viwandani mjini Nairobi tangu mwaka 2002. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi michache, wakiuliza: Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani amehamia? Nani amehama, na amekwenda wapi? Maswali manne tu, lakini yakiulizwa miaka ishirini hufanya kitabu cha maisha ya watu.

Hata hivyo, ripoti za vituo kama hivyo nazo zisomeni kwa macho mawili. Tazameni mtu huhesabiwa mkazi baada ya kukaa miezi mingapi. Kila kituo hujiwekea kanuni yake, na kanuni hiyo hubadili hesabu. Chukueni mfano wa kijana aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na miwili. Anaugua kifua, anazidiwa, ndugu zake wanamchukua kwa basi mpaka kwao kijijini, anafariki baada ya wiki tatu. Kifo hicho ni cha kijiji au cha mji? Ukikiandikia kijiji, kijiji chaonekana kina ugonjwa wa kifua. Ukikifuta kwa kuwa hakukaa miezi ya kutosha, na mjini nako hakuna aliyekiandika, basi kijana huyo hakufa popote. Wenye nguvu huhama na wagonjwa hurudi. Kwa mwendo huo mji waweza kuonekana una afya kwa sababu tu umewarudisha wagonjwa wake kwa mama zao.

Jambo la umbali nitalipitia upesi. Ripoti ikisema watu wanakaa kilomita tatu kutoka zahanati, uliza: kilomita za ramani, au za miguu? Kati yao na zahanati kama una mto usio na daraja, wakati wa masika kilomita tatu ni safari ya siku nzima.

Haya yote, je, kuna sheria kwa waandishi wa ripoti? Sheria ya serikali hapana, lakini wataalamu wamejiwekea kanuni. Mwezi wa Septemba 2004 baadhi yao walikutana Bristol, Uingereza, wakaanza kutunga orodha ya mambo ambayo ripoti ya utafiti wa kutazama watu, bila kuwapa dawa, lazima iyaeleze. Orodha hiyo yaitwa STROBE, ikachapishwa mwaka 2007, nayo ina mambo 22. Majarida mengi ya utabibu humtaka mwandishi aifuate. La tano lasema: taja mahali na tarehe, yaani lini watu walichaguliwa, lini walikutwa na jambo linalochunguzwa, lini walifuatwa. La kumi na tatu: sema idadi ya watu katika kila hatua, wangapi walitafutwa, wangapi walikubali, wangapi walipotea, na kwa nini. La kumi na tisa: eleza upungufu wa kazi yako mwenyewe. Mwaka 2015 ikaongezwa orodha nyingine, RECORD, kwa tafiti zinazotumia daftari zilizoandikwa kwa kazi nyingine, kama vile daftari za hospitali.

Ni orodha njema. Lakini zilitungwa kwa tafiti za kila namna, na kwa maoni yangu mambo ya mahali na umri wataka kuulizwa zaidi. Haitoshi kusema watu hawa ni wakazi wa wilaya fulani. Sema walikaa humo tangu lini, na kabla ya hapo walikuwa wapi. Sema mpaka wa wilaya ni wa mwaka gani. Sema mahali palipimwa wakati gani wa maisha yao, utotoni au jana. Sema waliohama walifanywaje, walifuatwa au walifutwa. Ikiwa walifutwa, waliobaki si mfano wa wote, maana waliobaki ni wale wasiohama, na mtu asiyehama ana sababu zake.

Na tahadhari moja. Kusema wazi si kumwaga siri za watu. Katika mji mkubwa, nukta moja kwenye ramani ni nyumba mojawapo kati ya maelfu. Katika kijiji chenye nyumba arobaini, nukta moja ni jina la mtu, na jirani zake watamjua kabla hawajamaliza kusoma ukurasa. Mtafiti mwenye adabu huichora ramani hivi kwamba msomaji ajue mtaa, asijue mlango.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi achukue karatasi, apige mstari mmoja mrefu. Mwanzo wa mstari ni kuzaliwa kwako, mwisho ni leo. Juu ya mstari andika kila mahali ulipokaa zaidi ya miezi sita. Chini yake andika ulikunywa maji gani huko, na ulipikia nini: kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi. Kama hukumbuki mwaka, fanya kama wale wazee wa Edinburgh, tafuta jambo kubwa la karibu. Walio Tanzania watumie vita vya Kagera vya mwaka 1978, au kifo cha Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Walio Kenya watumie kifo cha Mzee Kenyatta mwaka 1978. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zitawafaa wengi. Mwenye mama au bibi aliye hai amwulize juu ya miaka ya kwanza, maana hiyo hakuna aikumbukaye mwenyewe.

Mwalimu, usikusanye karatasi hizo. Ni mali ya wenyewe. Katika somo lijalo tutawaomba wanaopenda wasome mistari yao kwa sauti, kisha darasa lijibu swali hili: kama mtafiti angekuja leo na kuandika tu jina la kijiji chenu, angekuwa ameacha nini?

Kwaherini.